Mtandao wa Wageni

Simu iko mezani, kompyuta iko mezani,
baina yao sahani ya tende, upana wa shibiri moja,
na hazionani.

Mawaleh, saa tatu usiku, Julai.
Kioo cha dirisha kinatoka jasho upande wa nje,
kiyoyozi kinakoroma kama mjomba aliyeshiba wali.
Nataka faili moja tu:
video ya mama, gigabaiti tatu na ushei,
dakika arubaini na moja za Shaaban iliyopita,
yumo kitandani, anazungumza.
Aliyeshika simu sikuwa mimi. Alikuwa Mwanaidi.

WhatsApp imeikataa, kubwa mno.
Bluetooth imefika asilimia nne ikakata roho.
Waya wa rial moja na nusu unachaji, basi;
kama shemeji yangu, kula anakula, neno halitoki.
Nimezima, nimewasha.
Nimeushusha ukuta wa moto, nikaogopa, nikaupandisha.
Nimeiambia kompyuta: hapa si hadharani, hapa ni nyumbani.
Ikaniitikia sawa, na kiduara kikaendelea kuzunguka,
*inatafuta vifaa vilivyo karibu.*
Karibu! Karibu vigusane.

Mwanaidi kasimama mlangoni, mikono ina unga.
Mtu wa Bweni, ng'ambo ya mto Pangani,
miaka mitatu na miezi saba yumo humu ndani.
"Kaa," nikamwambia. Akakaa ncha ya kiti.
"Nisomee anwani ya simu yako, zile namba."
Akasoma polepole, kidole juu ya kioo
kama mwanafunzi na juzuu yake:
mia tisini na mbili, nukta, mia sitini na nane, nukta,
hamsini, nukta, tisa.
Nikasoma zangu.
Yeye ndiye aliyeona.
"Yako inasema moja, dada. Yangu inasema hamsini.
Hatumo mtaa mmoja."

Hapo nikakumbuka.
Ruta niliifunga mwenyewe, nimekaa sakafuni na mkasi,
nikaandika majina mawili: *Nyumbani. Wageni.*
Siku aliyotoka uwanja wa ndege, sanduku bado limefungwa kamba,
nilimwomba simu, nikamtilia neno la wageni,
nikamrudishia, nikaenda zangu.
Na kazi ya mtandao wa wageni ndiyo hiyo:
humpa mgeni dunia nzima
ukamnyima chumba cha pili.

Mgeni siku mbili, walisema.
Sisi jembe tulimpa siku ya kwanza.

"Andika," nikasema, "herufi kubwa mwanzo,"
na yeye, bila kuinua macho:
"Nalijua. Jina la bibi na mwaka aliozaliwa.
Harith alinitajia, mwaka juzi."
"Mbona hukuingia?"
Akapangusa unga kwenye kanga, kidole kwa kidole.
"Sikuambiwa karibu."

Akaandika.
Kompyuta ikashtuka: kuna kifaa kinabisha hodi,
je, unakiamini?
Ajabu ya swali, kuulizwa mimi.
Nikabonyeza.
Asilimia moja. Tatu. Tisa. Mstari unatambaa,
wa kijani, hauna haraka na mtu.
Ilipofika sitini akanuka mkate unaungua, akakimbia.

Nikaifungua peke yangu.
Picha imelala ubavu, kisha ikasimama.
Mama, ushungi wake wa zambarau, bilauri ya maji.
"Mwanaidi, hiyo imewaka?"
"Imewaka, mama."
"Mwite binti yangu basi, aje asikie."
Kimya. Feni. Mlango wa mbali.
"Amejifungia, mama. Ana mkutano, yuko kompyutani."
Mama akanywa maji, akaitazama simu,
akanitazama.
"Haya. Sikiliza wewe. Utamfikishia."

"Imeingia?" anauliza kutoka jikoni,
sauti ile ile, bila nukta, bila namba.